Wapigapicha wa Vita Wanaporudi: Filamu za Marejeo na Watu wa Sudan Kusini

Filamu ya mpigapicha wa vita anayerudi alikopiga picha zamani ni aina ya filamu ya hali halisi yenye sura yake mahususi. Huanza na picha moja au chache zilizosambaa duniani, humfuata aliyezipiga hadi mji au kijiji zilikotoka, na humtafuta mtu aliyekuwa mbele ya kamera. Ndani yake mna maswali matatu: kilimpata nini mtu yule baada ya picha kupigwa, kilimpata nini mpigapicha mwenyewe, na picha ilifanya kazi gani baina ya hao wawili. Filamu nyingi hulijibu swali la pili kwa kirefu na la tatu juujuu, kisha la kwanza huachiwa sentensi chache karibu na mwisho. Sudan Kusini, nchi ambayo dunia imeijua zaidi kwa picha za njaa na vita, inaonyesha waziwazi kwa nini huwa hivyo.

Chimbuko la aina hii ni filamu za wasifu. War Photographer ya Christian Frei, iliyotoka mwaka 2001 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, ilimfuata Mmarekani James Nachtwey huko Kosovo, Indonesia na Palestina. Kamera ndogo ya video ilifungwa juu ya kamera yake ya picha ili mtazamaji aone kile alichokuwa akikiona yeye. McCullin ya mwaka 2012 ilimketisha Mwingereza Don McCullin azungumzie kazi zake za Vietnam, Biafra na Ireland Kaskazini. Miaka sita baadaye, katika The Road to Palmyra, BBC ilimrudisha Syria kutazama magofu ya kale aliyoyapiga picha kabla ya vita. Walking Wounded: Return to the Frontline ya mwaka 2013 ilikwenda mbali zaidi. Giles Duley alipoteza miguu yote miwili na mkono wa kushoto kwa bomu nchini Afghanistan mwaka 2011, na filamu inamwonyesha akirudi nchi hiyohiyo kuwapiga picha raia waliojeruhiwa. Anayerudi ana jeraha la vita vilevile, na anayepigwa picha analiona jeraha hilo. Mazungumzo yao yana usawa ambao ni adimu katika filamu za namna hii.

Afrika Mashariki imechangia sura nyingine ya marejeo, ya ndugu anayerudi kwa niaba ya marehemu. Tarehe 12 Julai 1993, baada ya helikopta za Marekani kuishambulia nyumba moja mjini Mogadishu, umati wenye hasira uliwaua waandishi wanne waliokwenda kupiga picha za tukio hilo: Dan Eldon, Hos Maina na Anthony Macharia wa Reuters, pamoja na Hansi Krauss wa Associated Press. Katika Dying to Tell the Story ya mwaka 1998, Amy Eldon, dada yake Dan, anawahoji waandishi wa vita kisha anakwenda Somalia alikouawa kaka yake. Ni filamu yenye uchungu wa kweli. Hata hivyo, kati ya majina yale manne, jina la Dan Eldon ndilo lililokuja kuzungukwa na vitabu na filamu, ilhali Maina na Macharia, Wakenya waliokuwa wakifanya kazi ileile siku ileile, hawatajwi kwa kiwango hicho.

Nairobi imetoa filamu mbili zinazorekebisha kasoro hiyo kwa kiasi fulani. Mo & Me ya mwaka 2006 ilitengenezwa na Salim Amin kuhusu baba yake, Mohamed Amin, mwasisi wa Camerapix. Huyu alianza kazi Dar es Salaam, akapiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, akafungwa huko Zanzibar, na Oktoba 1984 akarekodi njaa ya Korem, Ethiopia, picha ambazo BBC ilizirusha zikisimuliwa na Michael Buerk. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, na Novemba 1996 akafa katika ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini Komoro. Filamu ya pili ni African Lens ya mwaka 2007 ya Shravan Vidyarthi, inayomhusu Priya Ramrakha, mpigapicha wa Nairobi aliyefanyia kazi magazeti makubwa ya Marekani na kuuawa Biafra tarehe 2 Oktoba 1968. Picha zake nyingi zilikaa katika gereji mjini Nairobi kwa miongo minne kabla ya kufunguliwa na watu wa ukoo wake. Hapo safari ya marejeo haikuhitaji kuvuka bahari, kwa kuwa masanduku ya negativu yalikuwa palepale nyumbani.

Kwa Sudan Kusini, kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha Ayod, katika jimbo la Jonglei. Machi 1993 eneo la Ayod, Kongor na Waat lilikuwa katikati ya njaa iliyochochewa na mapigano. Jeshi la waasi la SPLA lilikuwa limegawanyika Agosti 1991, na makundi yake yalipigana yenyewe kwa yenyewe huku yakipigana pia na serikali ya Khartoum. Chakula kilifika kwa ndege za Operation Lifeline Sudan, mpango wa Umoja wa Mataifa ulioanza mwaka 1989 na kuweka kituo chake kikubwa Lokichoggio, Turkana. Waandishi walipanda ndege hizohizo. Muda wao chini uliamuliwa na ratiba ya rubani: wakati mwingine ilikuwa ni saa chache tu, pengine usiku mmoja. Hili lapasa kukumbukwa kila picha za miaka ile zinapojadiliwa, kwa sababu mtu anayeondoka na ndege iliyomleta hana nafasi ya kuuliza jina wala kurudi kesho yake.

Katika safari kama hiyo Kevin Carter wa Afrika Kusini, aliyefuatana na João Silva, alimpiga picha mtoto aliyeinamia ardhini, tumbusi akiwa nyuma yake. The New York Times liliichapisha tarehe 26 Machi 1993. Wasomaji waliuliza kilichompata mtoto, na siku nne baadaye gazeti lilieleza kwamba alipata nguvu ya kuendelea na safari baada ya tumbusi kufukuzwa, ila haikujulikana kama alifika kwenye kituo cha chakula. Carter alipewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1994, na tarehe 27 Julai mwaka huohuo akajiua. Tangu hapo kisa kikawa cha kwake. Filamu fupi ya Dan Krauss ya mwaka 2004, iliyoteuliwa pia kuwania Oscar, inachimba maisha na kifo chake, na filamu ya kuigiza The Bang Bang Club ya mwaka 2010 ikapita njia hiyohiyo. Mtoto alibaki ishara: ya njaa, ya Afrika, ya dhamira ya waandishi. Wengi walimdhani msichana, na karibu wote waliamini kwamba alikufa palepale.

Mwaka 2011, miaka 18 baadaye, Alberto Rojas wa gazeti la El Mundo la Hispania alikwenda Ayod akiwa na picha hiyo mkononi. Jambo la kwanza alilolifuatilia lilikuwa dogo sana na lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu siku zote. Mkono wa kulia wa mtoto umevalishwa kikuku cha plastiki. Picha ikikuzwa, maandishi yake yanasomeka: T3. Waliofanya kazi katika kituo cha chakula cha Ayod walieleza kwamba herufi T walipewa wenye utapiamlo mkali, herufi S wale waliohitaji chakula cha nyongeza tu, na namba ilionyesha zamu ya kupokelewa. Kwa hiyo mtoto yule alikuwa ameandikishwa tayari. Kulikuwa na watu waliomjua, waliompima na waliokuwa wakimlisha. Rojas aliifikia familia, na baba akaeleza kwamba mtoto alikuwa wa kiume, kwamba aliiokoka njaa ile, akakua, na akafariki kwa homa miaka kama minne kabla ya mgeni huyo kufika.

Ugunduzi huo haupunguzi ukubwa wa njaa ya 1993. Unalolibadilisha ni hesabu ya nani alikuwepo. Picha ilionyesha mtoto na ndege, na dunia ikajaza nafasi iliyobaki kwa upweke: hakuna mzazi, hakuna muuguzi, hakuna jirani. Kikuku kinasema vingine. Na Ayod ya mwaka ule haikuwa na kamera moja. Nachtwey pia alipiga picha mwaka huohuo katika kituo cha chakula cha hapo, nazo zinaonyesha watu wakishikana, wakihudumiana na wakizika. Marejeo ya Rojas yalifanya kile ambacho filamu nyingi za marejeo hazikifanyi: yalianza na ushahidi uliomo ndani ya picha, yakamwendea aliyepigwa, na hisia za mwandishi yakazipa nafasi ndogo. Inasikitisha kwamba toleo la awali la kisa hiki bado linasomeshwa na kusambazwa mitandaoni kana kwamba safari ile haikufanyika kamwe.

Juba yenyewe, mji mkuu, iliingia katika picha za dunia kwa kuchelewa. Kwa sehemu kubwa ya vita vya 1983 hadi 2005 mji ulikuwa ngome ya jeshi la Khartoum, na waandishi waliotokea Kenya au Uganda walifika vijijini upande wa waasi. Mkataba wa amani wa Januari 2005 ndio uliofungua mji. Kura ya maoni ya Januari 2011, ambapo asilimia 98.83 walichagua uhuru, na sherehe za tarehe 9 Julai mwaka huo zilijaza wapigapicha hotelini na kwenye mahema ya kando ya mto. Baadhi walitazama pembeni ya shangwe. Robin Hammond, aliyekwenda kwa ajili ya kura ya maoni, aliwakuta wagonjwa wa akili wamefungwa minyororo katika gereza kuu la Juba, na picha zile zikawa mwanzo wa kazi yake ndefu, Condemned, kuhusu afya ya akili katika nchi za Afrika zilizopitia misukosuko. Mwaka 2012 HBO ilitoa mfululizo wa filamu uitwao Witness, na sehemu ya Sudan Kusini ilimfuata Véronique de Viguerie wa Ufaransa miongoni mwa wanavijiji wa Ikweta Magharibi waliojihami dhidi ya waasi wa LRA kutoka Uganda. Mwaka huohuo Camille Lepage, Mfaransa pia, alihamia Juba. Aliuawa Jamhuri ya Afrika ya Kati Mei 2014 akiwa na umri wa miaka 26, na maisha yake yakaigizwa katika filamu Camille ya mwaka 2019.

Kisha mambo yakageuka. Usiku wa tarehe 15 Desemba 2013 mapigano yalizuka katika kambi ya jeshi mjini Juba na kusambaa mitaani. Human Rights Watch iliripoti kwamba wanaume kati ya 200 na 300, wengi wao Wanuer, walifungiwa katika jengo la polisi Gudele wakapigwa risasi kupitia madirisha. Makumi ya maelfu walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa. Jengo la Gudele halina picha inayojulikana duniani, kwa sababu hakuna mpigapicha aliyekuwapo wakati wa mauaji wala aliyeweza kufika haraka. Hapa ndipo udhaifu mkubwa wa filamu za marejeo unapojitokeza. Filamu hufuata picha. Palipopigwa picha huendewa mara ya pili na ya tatu, na pasipopigwa hapaendewi hata mara ya kwanza. Ayod imerudiwa, Gudele haina wa kurudi. Mtu akizikusanya filamu zote za aina hii na kudhani amepata historia ya vita vya Sudan Kusini, atakuwa amepata historia ya viwanja vya ndege ambako waandishi waliweza kutua.

Neno "eneo la zamani la vita" nalo lina mushkeli Juba. Baada ya mkataba wa Agosti 2015, mapigano yalirudi mjini Julai 2016, yakaanzia karibu na ikulu, J1, na kufika kwenye kambi za wakimbizi wa ndani zilizo kando ya UN House. Mkataba mwingine ulitiwa saini tarehe 12 Septemba 2018. Uchaguzi uliotarajiwa umeahirishwa zaidi ya mara moja, na Machi 2025 Makamu wa Kwanza wa Rais Riek Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake baada ya mapigano ya Nasir. Katika hali hiyo, mpigapicha anayekuja na wazo la kutazama yaliyopita anakuta watu ambao hawajapata nafasi ya kuyaita yamepita. Swali la kawaida la filamu hizi, "unakumbuka nini?", linaweza kumweka anayejibu hatarini, kwa kuwa aliyemtendea ubaya huenda ni jirani yake, au ni ofisa mwenye cheo.

Mazingira ya kazi yanalikazia jambo hilo. Katika Juba picha hazipigwi hadharani bila kibali, na hata mwenye kibali hukaa mbali na daraja la Nile, uwanja wa ndege, kambi za jeshi na misafara ya wakubwa. Mwaka 2017 mamlaka ya vyombo vya habari ilisema imewazuia takriban waandishi 20 wa kigeni kuingia nchini. Agosti mwaka huohuo Christopher Allen, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa na waasi, aliuawa Kaya karibu na mpaka wa Uganda. Uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka 2024 ulisema alipatwa na risasi za mapambano, maelezo ambayo familia yake haikuyakubali.

Lakini waliolipa zaidi ni wenyeji. Januari 2015 waandishi watano waliuawa katika shambulio la kuvizia kwenye wilaya ya Raja, miongoni mwao Butrus Martin, mpigapicha wa televisheni ya taifa. Agosti mwaka huo Peter Moi wa gazeti la New Nation alipigwa risasi Juba. Julai 2016 John Gatluak, mtangazaji wa redio, aliuawa katika hoteli ya Terrain mbele ya wenzake. Januari 2023 wafanyakazi sita wa shirika la utangazaji la taifa walikamatwa kwa sababu ya video iliyomwonyesha Rais katika hafla. Hawa hawana eneo la vita la kurudia. Wanapoishi ndipo wanapofanyia kazi, na filamu ya marejeo iliyoandikwa kwa kipimo cha mgeni haina namna ya kuwaingiza, maana hadithi yake inadai mtu aliyeondoka.

Hata hivyo hakuna mgeni anayefika popote bila mmoja wao. Waandishi humwita fiksa: mwenyeji anayetafuta kibali na gari, anayejua barabara ipi ina kizuizi, anayetafsiri kutoka Kiarabu cha Juba, Kinuer, Kidinka au Kibari, na anayemtambua mtu katika picha ya miaka 20 iliyopita kwa sababu aliwahi kukaa naye kambini. Kazi ngumu ya marejeo ni yake. Yeye huingia kwanza nyumbani, hueleza wageni ni nani na wanataka nini, na hubaki mtaani filamu ikishatoka. Katika filamu nyingi huonekana begani mwa mhusika bila jina. Wakati mwingine kutotajwa huko ni ulinzi halali. Pale ambapo hakuna hatari, ni dhuluma.

Kumpata mtu wa zamani nako si suala la kufika mahali. Vita vya 2013 hadi 2018 viliwavusha zaidi ya watu milioni 2 mipaka ya nchi jirani. Aliyepigwa picha Malakal au Bentiu anaweza kupatikana leo katika kambi za wakimbizi za Kakuma, Bidi Bidi au Adjumani, au katika soko la Konyo Konyo mjini Juba akiuza bidhaa kwa Kiswahili alichojifunza ukimbizini Kenya. Filamu inayosisitiza kumsimamisha mpigapicha palepale aliposimama zamani hupata mandhari nzuri, lakini mara nyingi humkosa mtu.

Akipatikana, kuna la kuamua kabla kamera haijawashwa. Anapaswa kuonyeshwa picha akiwa peke yake au na wa kwake, apewe muda, na awe na uhuru wa kusema hataki. Wapo wanaofurahi kuona sura ya mzazi au ndugu aliyefariki, ambaye hawana picha yake nyingine yoyote, na wapo wanaojiona wamefedheheshwa. Mtu aliyepigwa picha akiwa uchi kwa njaa utotoni, sasa ni baba wa watoto, ana haki ya kuuliza kwa nini picha hiyo bado inauzwa. Mpigapicha Tom Stoddart alipiga picha Ajiep, Bahr el Ghazal, mwaka 1998, ya mwanamume mwenye afya akiondoka na mahindi ya mvulana aliyedhoofu kwa njaa. Picha ile ilichangisha fedha nyingi za misaada, na kila mmoja katika wale wawili alikuwa na kijiji chenye kumjua.

Filamu zilizotoka kwa wenyeji zimeanza kuonyesha njia tofauti. No Simple Way Home ya Akuol de Mabior, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Berlin mwaka 2022, inamfuata mama yake, Rebecca Nyandeng, akirudi Juba kushika nafasi ya makamu wa rais, mjane wa John Garang, kiongozi wa SPLA, katika nchi ambayo mumewe hakuiona ikipata uhuru. Anayerudi hapo ana deni kwa mahali anaporudi, na filamu inalizungumza deni hilo waziwazi mezani na ndani ya gari. Tamasha la filamu la Juba, lililoasisiwa na Simon Bingo mwaka 2016, limewapa watengenezaji wachanga ukumbi wa kuonyeshana kazi. Mradi wa Remembering the Ones We Lost umekusanya majina ya waliouawa na kupotea tangu vita vya zamani. Ni kazi isiyo na mvuto wa sinema, na inaziba pengo ambalo picha zimeliacha kwa miaka 40.

Linalobaki ni suala la picha zenyewe zinakaa wapi. Picha za Ayod na Ajiep ziko nje ya nchi, mikononi mwa mashirika yanayoziuza kwa leseni. Picha za zamani zaidi za Wanuer na Waazande, zilizopigwa na mwanaanthropolojia Evans-Pritchard kabla ya Vita Kuu ya Pili, ziko Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, ambayo angalau imeziweka mtandaoni kwa maelfu. Juba imewahi kutunza nyaraka zake za taifa ndani ya hema, zikivamiwa na mvua na mchwa. Filamu ya marejeo ina bajeti, ina wanasheria na ina mpigapicha aliye tayari kutoa. Hakuna kinachoizuia kuacha nakala kwa familia na kwa hifadhi ya nyaraka ya Juba, zikiwa na tarehe, mahali, jina ambalo mwenyewe amekubali litajwe, na maelezo yaliyosahihishwa na waliokuwapo. Mwaka 2024 zilipitishwa sheria za kuunda tume ya ukweli, maridhiano na uponyaji, pamoja na mamlaka ya fidia, zilizoahidiwa katika mkataba wa 2018. Vyombo hivyo vitahitaji ushahidi wa nani alikuwa wapi na lini, na maktaba kubwa za picha za vita za Sudan Kusini zina maelfu ya nyuso ambazo maelezo yake bado yanaishia kwenye mwaka na jina la mji.